Siku Oduor Alipoliliwa Akisoma

Naona aibu kuisimulia, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa mtaa wetu wa Lindi wanaijua na wanaisimulia vibaya, afadhali mnisikie mimi mwenyewe.

Mimi ndiye niliyetengeneza pahali pa kusomea kando ya kanisa letu, kwa ajili ya wanafunzi wa chuo wanaoishi na familia nzima kwa chumba kimoja. Hakuna aliyenifundisha (nilijifunza kwa simu, na kwa kuharibu mbao nyingi), na bado nasema bila haya kwamba kazi ilitoka safi: meza za pembeni kwa anayetaka kimya, benchi za kuzunguka kwa wanaobishana hesabu, na dirisha nililolitoboa mwenyewe kwenye mabati. Mzee Wafula wa kanisa alitupa siku moja tu ya majaribio. Fujo ikitokea, alisema, chumba kinarudi kuwa stoo ya viti.

Sasa asubuhi hiyo nikaona herufi za kibao cha mlangoni, kile kilichosema "Pahali pa Kusomea", zimepinda kidogo, na mimi kitu kikipinda silali, kwa hivyo nikakitoa, na badala yake nikaweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, maua, na picha kubwa ya Oduor, mwanafunzi wetu wa kwanza, akitabasamu ndani ya suti (niliona itawatia wengine moyo). Stima ikapotea, mlangoni, penye kivuli cha kanisa, kukawa giza, nikawasha mishumaa kando ya picha. Nikarudi nyuma, nikatazama, nikajipongeza!

Ndani wanafunzi walikuwa wameinamisha vichwa, kimya kabisa, vile nilivyotaka.

Nilikuwa kule nyuma nikinyoosha benchi niliposikia mama akipiga kelele nje, "Woi! Oduor? Si jana alinibebea maji?" nami nikadhani amefurahia maua. Nilipotoka, wamama walikuwa wamejaa, mmoja ameanzisha wimbo wa msiba, vijana wanapanga viti, Mzee Wafula anakuja na Biblia, na kutoka upande wa mtaa jirani wa Silanga, Mama Oduor anakimbia bila viatu akilia, "Wuoda! Wuoda!" (mwanangu, kwa Kijaluo), kwa sauti ambayo siwezi kuisahau.



Ndipo Oduor mwenyewe akatokea mlangoni, kalamu sikioni, amekasirika.

"Wasee, mnaeza punguza sauti? Tuko na mtihani."

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja alitoroka. Mama yake alimshika uso, akampapasa kama anayechagua nyanya, akamzaba kofi, akamkumbatia, kisha akauliza taratibu, "Nani ameweka mtoto wangu hapa na mishumaa?"

Kila kidole kikanielekea.

"Mama, nilitaka tu papendeze."

"Papendeze? Si ungeweka yako!"

Nilijua chumba kimeenda. Mzee Wafula akachungulia ndani. Wale wengine wote walikuwa bado wameinama, wanaandika.

"Hao hawajasikia hizi kelele zote?"

"Wamesikia, Mzee," akasema Oduor. "Lakini hapa kunasomeka."

Mzee akafunga Biblia. "Basi wabaki. Lakini huyu fundi asiguse mlango tena."

Sijaugusa. Siku hizi Mama Oduor anauzia sukuma wiki pale pale mlangoni, anasema ni kwa sababu ya wateja, ingawa kila mara anachungulia ndani. Na majirani bado wananisimamisha njiani na kuniuliza kwa sauti ya pole, "Leo umezika nani?" Mimi naenda zangu. Picha ya mtu aliye hai sitaiwekea maua tena, hata siku ya harusi yangu.