Muuza Vitanda na Zamu ya Usiku

Dukani walimwita Sita kwa Sita, na jina lilimkaa. Hakuna aliyeweza kuuza kitanda kumshinda. Mteja aliingia kuuliza bei ya stuli, yeye akamtembeza taratibu, akamkalisha kwenye godoro, akamwambia avute pumzi, na kabla pumzi haijarudi mteja ameshaanza kuuliza kama kupelekewa nyumbani ni bure. Aliwauliza watu vyumba vyao vina ukubwa gani, madirisha yanatazama wapi, na chumba cha wageni je, kina kabati la ukutani? Hilo neno "chumba cha wageni" alilitamka kwa ulaini wa mtu aliyezaliwa ndani yake.

Kwake mwenyewe kulikuwa na chumba kimoja cha kupanga. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini kinyozi anaweza kwenda kwa kinyozi mwenzake. Muuza vitanda aende wapi? Kitanda chake kilikuwa nne kwa sita, kimebanwa ukutani nyuma ya pazia la maua, na chini yake lilikaa godoro la pacha wake wawili wa kike, likavutwa jioni na kusukumwa asubuhi. Mbele ya pazia kulikuwa na meza, viti viwili vya plastiki, ndoo za maji na cherehani ya mkewe. Ukitaka kufungua kabati, mtu mmoja lazima atoke nje. Mama Pacha alishona sare za shule, na shule zilipokaribia kufunguliwa sketi zilining'inia kila mahali, mtu akawa anakula huku marinda yanampapasa usoni.

Msidhani alikuwa mlevi au mvivu. Mshahara wake ulikuwa wa kawaida: ulitosha kula, halafu ukakaa kimya. Kila aliposogea kuelekea nyumba ya vyumba viwili, kodi nayo ilisogea. Mwaka alioongezewa mshahara, mwenye nyumba alipata habari kabla ya mkewe, akapandisha kodi siku ileile. Alipoanza kuweka akiba ya kiwanja, viwanja vya bei yake vilikuwa pembezoni kabisa. Aliporudi na akiba mkononi, pembezoni pamekuwa mjini. Haba na haba hujaza kibaba, walimwambia wenzake. Kibaba chake kilikuwa na tundu.

Haya yote angeyabeba kama watu wengi wanavyoyabeba, ila kulikuwa na ahadi. Siku alipokwenda kuposa, mama wa binti, mjane mwenye maneno machache, alimuuliza swali moja tu: "Nikija kumwona mwanangu, nitalala wapi?" Na yeye, kijana wa watu, kifua mbele, mbele ya wajomba na mashangazi, akajibu, "Mama, utakuwa na chumba chako." Watu wakapiga vigelegele. Pacha sasa walikuwa darasa la tatu na mama mkwe hajakanyaga kwao hata mara moja. Kila alipotaka kuja ilipatikana sababu. Maji yamekatika. Watoto wana surua. Nyumba inapakwa rangi. Nyumba hiyo ambayo haikuwepo ilipakwa rangi mara nyingi kuliko zilizopo.

Kisha macho ya mama mkwe yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema, tena yote mawili, na hospitali ya kuyapasua ilikuwa mjini kwao, mwendo mfupi kutoka kwenye kile chumba. Daktari angeanza na jicho moja, lipone, kisha baada ya wiki chache alipasue la pili. Mgonjwa akae karibu, atiwe dawa, aonwe mara kwa mara. Hapo hata rangi isingesaidia.

"Baba Pacha, mama anakuja Jumapili," mkewe alisema.

"Aje. Ni mama yangu pia."

"Atalala wapi?"

"Kitandani, na wewe."

"Na wewe?"

Sita kwa Sita akaangalia dari. Mkwe halali chumba kimoja na mama wa mkewe, wametenganishwa na kitambaa cha maua. Hilo halikuhitaji mtu kulieleza.

"Muombe fundi viatu wa mlango ule pale," mkewe alisema. "Ni kijana mpole, hajaoa, na chumba kizima anakaa peke yake. Hawezi kukataa."

"Ili kesho ua mzima ujue kwamba nalala kwa watu? Hapana, Mama Pacha. Nitajua la kufanya."

Alilojua la kufanya lilikuwa kusema uongo. Alitangaza kwamba dukani kumeletwa mali mpya, na yeye, kwa kuwa anaaminika, amepewa zamu ya usiku kuisimamia. Kwa kweli alimbembeleza mlinzi wa duka, mzee waliyekuwa wakitaniana miaka yote, amfungulie stoo. Akawa analala huko juu ya godoro jipya ambalo halijatolewa nailoni, akitoka jasho, akiogopa kugeuka kwa sababu nailoni ile ilipiga kelele.

Siku mama mkwe alipofika alishikwa mkono hadi ndani. Alipapasa ukuta, akapapasa pazia, akapapasa ukuta wa pili, ambao haukuwa mbali. Akakaa kitandani. Sita kwa Sita alisimama mlangoni, begi la mama mkononi, akingoja aulizwe kile chumba kiko wapi.

"Pazuri," mama mkwe alisema. "Pana upepo."

Hakusema zaidi, na mkwe wake alitamani angesema. Mtu akikutukana unaweza kukasirika. Mtu akikustahi, unabaki na aibu yako mkononi huna pa kuitua.

Jicho la kwanza lilipasuliwa salama likafungwa bendeji. Kila asubuhi mwanamume alirudi kuoga na kunywa chai, akasalimia akiwa mlangoni, macho mekundu, na kila asubuhi alivikwa sifa asizostahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekesha tena? Pole. Mungu akulipe." Kisha akawageukia pacha: "Nyie, punguzeni kelele, baba yenu hajalala."

Uani nako alimtangaza. Kwa wanawake wanaofua, kwa wauza mboga wanaopita, kwa fundi viatu mwenyewe aliyekaa mlangoni na nyundo yake: mkwe wangu anakesha kwa ajili ya wanawe, wanaume wa namna hii wamekwisha duniani. Sita kwa Sita alipita katikati ya sifa hizo akitazama vidole vya miguu yake. Uongo aliouzaa mwenyewe sasa ulikuwa na mlezi, tena mlezi mwenye mapenzi. Na kwa kuwa alikuwa na kazi yake ya kweli ya mchana, alimeza chai mbiombio akaondoka tena, na mama mkwe akabaki anatikisa kichwa. Kazi gani hii, usiku na mchana? Huyo tajiri wao hana huruma?

Bendeji ikatolewa. Macho hayana pazia. Jicho moja tu lilitosha kukiona chumba chote bila hata kugeuza shingo. Lakini mama mkwe hakukitazama chumba. Alimtazama mkwe wake, alivyokonda, alivyovimba macho, na huruma ikamshika mahali ambapo akili ingemshika mtu mwingine. Siku chache baadaye alijifunga kitenge chake kizuri, akamshika mkono pacha mmoja, akaenda dukani kumwombea mwanawe.

Sita kwa Sita alikuwa kazini hasa. Bwana mmoja na mkewe walitaka kitanda, na yule bibi alikuwa ameshalala juu ya godoro kujaribu, viatu amevivua, uso umelainika. Biashara ilikuwa imebaki kutaja rangi tu. Hodi ikasikika.

"Karibu, mama," bosi alisema. "Unatafuta kitanda cha ukubwa gani?"

"Sikuja kununua, baba. Nimekuja kuomba. Mimi ni mama mkwe wa huyu."

Sita kwa Sita aligeuka, kiganja bado kiko juu ya godoro.

"Nipo kwake wiki ya tatu hii," mama mkwe aliendelea kwa adabu, sauti yake ikifika kila kona, "na sijamwona akilala nyumbani hata siku moja. Usiku yuko kwenu, mchana yuko kwenu. Hata ng'ombe wa kulima hufunguliwa. Nakuomba, mpunguzieni zamu ya usiku."

Bosi hakuwa mtu mbaya. Alicheka kidogo, akidhani kuna makosa. "Zamu ya usiku? Mama, sisi jua likizama tumeshafunga. Usiku hapa anabaki mlinzi peke yake."

Mama mkwe aligeuka pole pole. Jicho lile jipya likatua usoni pa mkwewe.

"Basi unalala wapi, baba?"

Aliuliza kwa sauti ya chini, na kila aliyekuwa dukani alijua anachofikiria. Wauzaji wenzake wakaanza kukonyezana. Mwanamume asiyelala kwake ana nyumba ndogo mahali. Hiyo ni hesabu inayojulikana. Yeye, ambaye nyumba kubwa yenyewe hana!

Na hapa pana jambo ambalo Sita kwa Sita hakuwahi kumwambia mtu. Kwa kitambo kifupi alitamani kunyamaza. Waache waamini. Mzinzi huchekwa leo, kesho wanaume wanampa mkono pembeni. Lakini mtu mzima, baba wa watoto, mwenye mshahara kila mwezi, asiye na mahali pa kulaza ubavu wake mama mkwe akija? Aliona afadhali aitwe mhuni kuliko aitwe fukara, na kazi yake ingepona. Kisha akamwona binti yake amesimama pale na sare yake, akisubiri jibu kama wengine.

"Nalala stoo, mama," alisema. "Hapo nyuma."

"Stoo?" bosi alidakia. "Kwenye mali yangu?"

"Kwenye godoro, bosi. Sijalitoa nailoni. Nyumbani ni chumba kimoja, na mama ni mgonjwa."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Yule bibi mteja aliinuka kutoka kwenye godoro, akavaa viatu, akakung'uta gauni lake nyuma kwa kiganja, mara mbili, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo. Mumewe akasema watapita siku nyingine. Bosi alisubiri watoke, kisha akamwita mlinzi na kumwambia kwamba mtu yeyote atakayeonekana stoo baada ya kufunga, yeye na mlinzi wote wawili hawana kazi. Sita kwa Sita akaambiwa aende nyumbani, apumzike kwa leo.

Njiani mama mkwe alisema neno moja tu. "Nisamehe, mwanangu."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Sita kwa Sita alitembea hatua mbili nyuma yao kama mshitakiwa.

Mchana haujakatika begi lilikuwa limeshafungwa. Mama Pacha alikaa kwenye kiti cha cherehani analia waziwazi.

"Na jicho la pili, mama? Daktari amekupa siku."

"La pili la nini? Hili moja linatosha. Wajukuu nimewaona, njia naiona, chumvi na sukari navitofautisha. Nimtoe mtu kitandani kwake kwa ajili ya jicho?"

"Baba Pacha," mkewe alisema. "Sema kitu."

Kutoka pale aliposimama aliuona mlango wa fundi viatu. Ulikuwa wazi. Kijana alikuwa anagonga kisigino cha kiatu cha mtoto, misumari midomoni, na nyuma yake kilionekana kitanda chake, na nafasi ya godoro sakafuni, nafasi nzuri kabisa. Ndugu yangu, nihifadhi siku kadhaa. Maneno hayo hayazidi hata yale ya kuagiza chai. Siri yenyewe imeshavuja, kilichobaki kufichwa ni nini? Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya kizingiti. Fundi viatu akainua macho, akatabasamu na misumari yake, akangoja. Sita kwa Sita akamwuliza kama soli za viatu vya shule zinachukua siku ngapi.

Kituo cha mabasi kilikuwa na vumbi na makelele. Alibeba begi mwenyewe, akalipandisha, akalisukuma chini ya kiti. Mama Pacha alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akashuka bila kumtazama mumewe. Mama mkwe alishika chuma cha mlango, amefinya jicho moja na kulifungua jingine.

"Mama," Sita kwa Sita alisema.

"Naam, mwanangu."

Neno lilikuwa mdomoni. Shuka. Shuka, twende, nitalala popote, kwa fundi viatu, barazani, chini ya meza, ukae mpaka jicho la pili lipone. Alilihisi kwenye ulimi. Alijua pia, na kujua huko kuliunguza masikio yake, kwamba sehemu moja ndani yake ilikuwa imeshaanza kufurahi kwamba leo atalala kitandani kwake. Mama mkwe alingoja, kwa upole uleule. Dereva akapiga honi.

"Kondakta," alisema, akimgeukia kijana wa basi. "Huyu mama umkalishe dirishani, upande wa kulia. Jicho la kulia ndilo linaloona."

"Sawa, mkubwa."

Mama mkwe aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha mkwe wake, kama anavyowawekea pacha.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Umenifikiria."