Majina Yaliyobaki Porini

Wanaonijua wataniuliza mbona humu sikumtaja mtu hata mmoja kwa jina. Wanivumilie kidogo. Si uvivu.

Nilikuwa mwalimu kabla sijajua ualimu. Serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha, basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukaambiwa asubuhi mtafundisha, mchana mtasoma namna ya kufundisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani asubuhi unawapikia watu, mchana ndio unafundishwa kuwasha moto?"

"Ndiyo hivyo hivyo, mama. Na nikimaliza nitakwenda chuo cha ualimu, nikirudi nimevaa viatu vya kisigino, na cherehani niliyokununulia nimeibeba kichwani."

"Viatu vya kisigino na cherehani kichwani. Utaanguka, mwanangu."

Nilikuwa na ndoto nyingi kuliko nguo.

Nilipelekwa kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma. Kilikuwa kijiji kipya, watu wamehamishiwa pale na udongo wa kuta zao haujakauka vizuri. Shule ilikuwa banda la makuti lenye ukuta hadi kiunoni, madawati ni magogo ya mikoko, sakafu ni mchanga. Chaki tuligawana na mwalimu mkuu nusu kwa nusu, kama wazee wanavyogawana sigara. Watoto wangu wa darasa la pili nyumbani walizungumza Kimakonde, wachache Kimakua, na wengine wazazi wao walivuka mto kukimbia vita. Kiswahili walikisikia msikitini, kwenye redio ya duka la ushirika, na kwangu.

Namna yangu ya kufundisha sikuipata kwenye masomo ya mchana. Ilikuja yenyewe, asubuhi moja chaki zimekwisha. Nilikuwa naita majina, kila mtoto anajibu "Nipo," tunaendelea. Nikafika kwa mvulana mmoja aliyelelewa na bibi yake, akajibu, "Nipo, na kiboko amekula mpunga wetu lakini bibi amemtukana."

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Basi liandike hilo." Akaliandika mchangani mbele ya gogo lake. Kijiti kikamvunjikia katikati ya kiboko, akamalizia kwa kidole gumba cha mguu. Jirani yake akalisoma. Jirani naye akataka la kwake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekubali kujibu "Nipo" tupu. Nipo, na mbuzi wetu kazaa. Nipo, na dada ananidai kuni. Nipo, na jana nilimwona nyoka akaniona. Kila mmoja anaandika la kwake mchangani, mwenzake analisoma, aliyejua anamshika mkono asiyejua. Mvua za masika zilipokwisha, watoto walioanza mwaka hawajui kushika kijiti walikuwa wanasomeana.

Mwalimu mkuu, mtu wa bara, alinung'unika. "Mwalimu, wewe unaita majina mpaka saa nne. Unafundisha saa ngapi?"

"Huko kuita ndiko kufundisha, mwalimu mkuu."

"Haya. Mkaguzi akija nitamwambia hivyo hivyo, halafu nitakimbia."

Hakuja mkaguzi. Alikuja kijana kutoka Dar es Salaam, aliyetumwa kutafiti kama walimu wa namna yetu wanaweza kufundisha, na wale wanaoweza wanafanya nini ambacho wengine hawakifanyi. Alivaa suruali ya bugaluu, pana chini, na matope ya njia yetu yaliipenda bugaluu ile kupita kiasi. Watoto walimcheka, na yeye akajicheka pamoja nao, ndipo nikamwamini. Alikaa kwenye gogo la nyuma, akanitazama nikiita majina tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akamwita kila mtoto peke yake, akampa kadi yenye hadithi fupi asome, akaandika alivyosoma.

Siku ya kuondoka aliniita pembeni.

"Dada, hiki unachofanya sijakiona kwingine. Nitarudi baada ya mavuno niwapime watoto hawa hawa. Wakiwa wamesonga mbele, nitaandika kwamba walimu wengine waonyeshwe. Na wewe nitaomba uende chuo bila kungoja zamu yako."

Alipoondoka nilichuchumaa nyuma ya banda, nikaandika saini yangu mchangani, ile nitakayotumia nikiwa mwalimu kamili. Upepo ukaifuta. Nikaiandika tena, kubwa zaidi.

Mavuno yakaja, na baada ya mavuno yakaja mambo yake. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Muhogo ukiwa umekauka na mpunga umeingia ghalani, ndio wakati wa jando, na mwaka ule wavulana wote wa darasa langu umri ulikuwa umewafika. Ngoma zikalia, wakaenda porini. Likizo ikaisha, nikafundisha wasichana peke yao kwa muda, magogo ya upande mmoja yakiwa matupu.

Waliporudi nilitoka kuwatazama kama watu wote. Vichwa vimenyolewa, mafuta yanang'aa, shuka mpya, macho chini. Na majina mapya. Jina la utoto linabaki kule pamoja na nguo za zamani, na kibanda walichokaa kinachomwa moto. Anayemwita mwanajando kwa jina lile amemtukana yeye, na waliomlea porini, na wazee wote. Hata mama mzazi halitamki tena. Mimi mwenyewe niliacha la kwangu unyagoni, na mama yangu hajaniita hilo tangu siku ile, hata kwa hasira.

Bibi wa yule mvulana alinifuata kisimani kwa makusudi. Akaniambia jina jipya la mjukuu wake, akalirudia mara ya pili.

"Usije ukateleza, mwalimu."

"Sitateleza, bibi."

Akina mama wengine wakafanya vivyo hivyo, na mimi nikayashika yote kichwani. Asubuhi ya kwanza niliita majina mapya bila kukosea. Nilipofika kwa yule mvulana alisimama, akavuta shuka yake vizuri.

"Nipo, na sasa tukikosea tusichapwe mbele ya wasichana."

Wasichana wakamzomea. Niliona mwaka umeninyookea.

Siku chache baadaye mgeni wetu akarudi, bugaluu ile ile. Alisimama mbele akitabasamu, akafungua karatasi yake, akasoma jina la mvulana wa kwanza.

Kimya. Wasichana waliinamisha nyuso. Akasoma la pili, kimya. La tatu.

Akanigeukia. "Wavulana wamekuwa watoro wote? Na hawa waliokaa ni nani?"

Nilimtoa nje haraka, na mwalimu mkuu akatufuata. Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, siwezi kusema hakusikiliza.

"Waiteni tu wajibu," mwalimu mkuu akasema. "Ni majina, si matusi."

"Hapa ni matusi, mwalimu mkuu."

Nikamwomba mgeni anipe kalamu, niandike jina jipya kando ya kila la zamani. Akanitazama kwa huruma.

"Nani atathibitisha kwamba huyu ndiye yule?"

"Mimi."

"Dada yangu, wewe ndiye unayepimwa. Nikipeleka majina mengine, wataniambia mwalimu ameleta watoto wengine waliofundishwa kwingine. Nimeagizwa watoto wale wale." Akaninyooshea karatasi. "Ingia uwaite wewe. Kwako wataitika."

Ukuta wa banda letu uliishia kiunoni, nimeshasema. Walikuwa wamesikia kila neno. Nilisimama mbele yao na ile karatasi, na chuo cha ualimu kilikuwa pale, umbali wa jina moja. Wavulana walinitazama, si kwa ukali, walinitazama kama watu wanaongoja mvua waone itaangukia wapi. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka bibi alivyolirudia jina kisimani. Nikaufunga.

Nikamrudishia mgeni karatasi yake. Akaguna, akaanza upya tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayemaliza kazi. Jina, kimya. Jina, kimya. Alipofika kwa mjukuu wa bibi, yule mvulana akasimama.

"Nipo."

Nilitikisa kichwa kumwambia akae. Hakunitazama.

"Nipo, na nimekuja kusoma kadi."

Akaisoma. Hakukwama hata mahali pamoja. Alipomaliza aliigeuza, akasoma na maneno madogo ya mpiga chapa yaliyokuwa nyuma, yasiyomhusu mtu. Mgeni akaandika. Nyuma, kicheko kilianza kwa mmoja, kikahamia kwa mwingine.

"Mtoto wa jana."

"Nenda kwa bibi ukanyonye."

"Jando kaliacha njiani huyo, tukalichome tena."

Hakuna mvulana mwingine aliyesimama. Siwalaumu. Walikuwa na umri wa kucheza na mpira wa matambara, na walikuwa wameambiwa juzi tu kwamba ni wanaume.

Mchana bibi yake alikuja nilikopanga. Nilijua amekuja kunigombeza, nikamtandikia mkeka. Alikaa akisugua goti.

"Mjukuu wangu amekupenda vibaya, mwalimu."

Nikamsogezea maji ya kunywa.

"Mimi mwenyewe sijui sasa nimwite nani. La zamani nimekatazwa. Jipya nikimwita, wenzake wanacheka nje ya ua. Leo nimemwita kula kwa kugonga sufuria."

Kesho yake niliita majina kama kawaida. Nilipotamka lake jipya, upande wa nyuma walikohoa wote kwa pamoja. Hakujibu. Nilijaribu kila nilichokuwa nacho. Niliwahamisha magogo. Niliwasemesha, niliwatania. Nilikwenda kwa mzee aliyesimamia jando, nikapiga magoti mlangoni kwake. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba hayo si ya wanawake, na kwamba jina lililotupwa porini likiokotwa, halitupwi tena. Yule mvulana alikuja siku mbili tatu, anaandika mchangani peke yake na kufuta kabla jirani hajasoma. Kisha gogo likawa wazi. Mjomba wake alimchukua dago, kule wavuvi wanakopiga kambi.

Karatasi ya mgeni ilisema kweli yake: wasichana walisoma vizuri, wavulana walikuwa watoro, aliyepatikana ni mmoja. Kuita majina hakukuandikwa popote. Mtu akimpima mwalimu kwa watoto waliotoweka, atasema nini? Alipoaga alinipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, na vumbi la bugaluu yake likabaki juu ya miguu yangu. Nafasi ya chuo ilikwenda kwa mwingine. Mimi nikahamishiwa shule ya Likombe, Mtwara mjini, nipate kuangaliwa kwa karibu. Huko ukuta unafika juu, chaki zipo, na mwalimu mwenzangu huita majina mara moja tu, upesi, watoto wakajibu "Nipo, nipo, nipo," kama mahindi yakikaangwa. Mimi bado naita kwa namna yangu. Mama bado anashona kwa mkono.

Mwezi uliopita nilishuka soko la samaki Mtwara. Nikamwona. Amerefuka, tenga kichwani, maji ya samaki yanamtiririka shingoni. Nilitaka kumwita. Majina mawili yalinijia mdomoni, na yote mawili sikuwa na haki nayo. Nikabaki nimesimama njiani watu wakinipiga vikumbo.

Yeye akaniona. Akatua tenga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Upo?"

"Nipo."

Nikangoja. Alijua ninangoja nini, maana aliangalia chini, na kidole gumba cha mguu kikachora kitu kwenye sakafu ya saruji, mahali pasipoandikika. Mchuuzi mmoja akapiga kelele kutoka mezani, "We Pono, unalala? Lete mzigo."

"Naam," akaitika, akabeba tenga lake, akaenda.