Somo la Kompyuta Lilivyoanzia Miguuni

Msinicheke. Nilipewa kufundisha kompyuta kwa sababu moja tu: simu yangu ni kubwa kuliko za walimu wenzangu. Mwalimu mkuu wetu, mama asiyependa mzaha, alisema, "Wewe ndiye mtu wa teknolojia." Nami, mjinga mimi, nikaitikia.

Ukweli ni kwamba ile mashine naiogopa. Hata kuiwasha sijui. Lakini vumbi jekundu la Voi likaniokoa. Nikatangaza kwamba vumbi huua kompyuta, hivyo hakuna kuingia chumba cha kompyuta kabla ya kuosha miguu. Nilisimama mlangoni na karai la maji, nikikagua kidole kwa kidole. "Wewe, rudia kisigino!" Mguu wa mwisho ukitakata, kengele inalia. Muhula ukaisha hivyo.

Juzi mwalimu mkuu akaleta wazazi. Akasifu sakafu inavyong'aa, nami nikavimba kama andazi. Kisha akamwita Mghoi, mwanafunzi wangu hodari. "Haya, waonyeshe wazazi vile mnatumia kompyuta."

Mghoi akabeba karai, akachuchumaa mbele ya mwalimu mkuu, akasema kwa fahari, "Madam, vua viatu. Tunaanza na mguu wa kulia."