Siku Tuliyowavisha Kanga Masanamu

Watoto wa Ngamiani wa rika langu, mliocheza rede mpaka mama akawaita kwa jina lenu na la baba yenu, njooni tucheke kidogo. Mnaikumbuka ile hoteli kongwe ya enzi za Mjerumani, yenye sakafu ya mbao iliyolia kila ukikanyaga? Ukumbini mwake mwenye hoteli alikusanya vitu vya dini zote: Bikira Maria wa mpingo, msalaba ulioshushwa kutoka Usambara, Ayatul Kursi ya nyuzi za dhahabu ndani ya kioo, Buddha aliyefumba macho, ambaye sisi tulimwita Mzee Kasinzia, na mlangoni kabisa Ganesh wa Wahindi, kichwa cha tembo, tumbo mbele, ladu tamu mkononi. Ukimuuliza mwenyewe ni wa dini gani, alijibu, "Mimi nina hoteli. Wote hawa wageni wangu."

Sisi tulizoea kuchungulia dirishani tu na kunusa nta ya sakafu. Mvua ya masika ndiyo iliyotuingiza ndani. Asubuhi ya harusi ya shangazi Zuhura, uani kwetu kulijaa maji, turubai likaanguka, na mwenye hoteli, aliyekuwa akicheza bao na babu, akatupa ukumbi. Babu, Mmanga wa Pangani mwenye minazi mingi na maneno machache, akafika mlangoni, akatazama, akageuka.

"Simwozi mwanangu mbele ya masanamu."

Shangazi akalia, wanja ukashuka mpaka kidevuni. Alikuwa na haki ya kulia. Bi Kibibi wa Chumbageni, mama wa bwana harusi, alitaka mwanawe aoe binamu yake, na harusi hii aliikubali kwa kubembelezwa sana. Harusi ikiahirishwa, hatakubali tena.

Bibi akaleta sanduku lake la kanga. "Wenyeji hawafukuzwi, wanangu. Wasitirini."

Watoto tukaanza kazi, tukichagua kanga kwa rangi. Tulipomfikia Bikira Maria, babu akatukataza. "Huyo mwacheni. Kajitanda vizuri kuliko nyie." Akaketi akielekea Ayatul Kursi, roho yake kwatu.

Hakuna aliyekumbuka kusoma maandishi ya zile kanga. Bi Kibibi alisoma. Aliingia na vigelegele, akakutana na Ganesh mlangoni: *Hasidi hana sababu*. Akasonya. Macho yakahamia kwenye tumbo la Mzee Kasinzia: *Mwenye pupa hadiriki kula tamu*. Na Bi Kibibi, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kiti na nusu.

"Haya! Nimetukanwa, tena kwa maandishi! Mwanangu, twende zetu!"

Bibi akaapa kuwa ni bahati mbaya. Nani angemwamini? Tanga nzima inajua kanga haivaliwi kwa bahati mbaya. Bwana harusi kasimama katikati, kashika joho lake, hajui amfuate nani.

Babu akamtazama shangazi, akainuka. Akaenda mlangoni, akamvua Ganesh kanga kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamvua na Mzee Kasinzia.

"Bi Kibibi, hawa tangu asubuhi hawajasema neno. Zilizokutukana ni hizi kanga, nazo nimeziondoa."

Bi Kibibi akamkodolea macho Ganesh: lile tumbo, ile ladu. Midomo ikaanza kumcheza. "Mlimficha wa nini? Humu ndani huyu peke yake ndiye anayekula kama mimi!" Akacheka mpaka ushungi ukamwanguka, bibi akamshika mkono wakacheka wote wawili, na shangazi akaolewa, babu akijitahidi kutotazama upande wa mlangoni.

Juzi tulimwoza binti yangu. Kamati, sare za rangi mbili, kundi la WhatsApp, kila kitu. Wifi yangu mmoja akatoka kwenye kundi kimya kimya, na vijana wakaniambia, "Mama, mwache, ndiyo maisha." Harusini hakuja. Mpaka leo sijui nilimkosea nini. Enzi zetu mtu akikasirika alisimama mlangoni akapiga kelele, na sote tukajua wa kumkimbilia.