Kelele za Jiwe

Ninatunza nyimbo za zamani kwenye maktaba ndogo ya Tunduma. Siku moja mwenzangu wa maktaba ya upande wa Zambia alivuka mpaka akaniletea flashi. Ndani yake kulikuwa na wimbo wa wanawake wa Kinyiha wakisaga ulezi, uliorekodiwa zamani na kuhifadhiwa Ulaya. Wale wa Ulaya, kwa hisani yao, walikuwa wameusafisha kabla ya kuutuma, na sauti zilitoka nyororo kama za redioni. Nilijivuna kweli.

Jumapili nikaupeleka Igamba kwa mama, aliyesaga ulezi tangu utotoni. Aliusikiliza mpaka mwisho, akanitazama kama mtu aliyeletewa mboga isiyo na chumvi.

"Jiwe liko wapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba mkwaruzo wa jiwe la kusagia ulikuwa kelele, ndiyo maana wameuondoa.

"Kelele? Sisi tuliimba tukilifuata jiwe, mwanangu. Hawa sasa wanafuata nini?"

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu, maana nilikuwa nimeshawaandikia wale wa Ulaya kuwashukuru. Jumatatu niliwaandikia tena, safari hii nikiwaomba waturudishie kelele zetu.