Jumla ya Mzee Seon

Tak Myeong-im aliingia ofisi ya tarafa ya Unsong akiwa mpiga taipu, enzi ambazo barua ikikosewa herufi moja ilitupwa na kuanzwa upya. Alikuwa msichana mwembamba, mkimya, na vidole vyake vilikuwa na kasi kuliko mdomo wake. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wengi walilalamika kwamba macho yanawauma. Yeye alijifunza ile programu ya kuandikia inayotumika katika ofisi zote za serikali ya Korea, akaizoea, na baada ya muda watu wakawa wanamwita kila jedwali linapowashinda.

Na majedwali yalikuwa mengi. Pale Unsong hakuna jambo lililofanyika bila jedwali. Magunia ya mbolea kwa kila kijiji, mashamba ya vitunguu saumu yaliyopigwa na baridi, wazee waliochanjwa, hata nani akae meza ipi siku ya kumuaga mkuu anayehamishwa, vyote viliingizwa kwenye visanduku. Vijana waliokuja baadaye walikuwa na programu nyingine, ya mahesabu hasa, lakini barua ya serikali haiandikwi humo. Kwa hiyo Myeong-im alijumlisha mle mle alimoandika: anaziteua namba kwa kipanya, anabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo, na jumla inajiweka chini au pembeni. Programu ya siku zile ilikuwa na kasoro moja. Jumla ikishaandikwa, hukaa ilivyo. Ukirudi ukabadilisha namba mojawapo, jumla haijui habari hiyo mpaka uiambie upya.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, Eo Bun-rye. Mumewe alikuwa fundi wa kuunganisha vyuma kwenye kiwanda cha meli, mji wa mbali, akija Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mtoto wao, Dong-ha, alikuwa jeshini. Kwa hiyo siku nyingi walikuwa wanawake wawili mezani, na mmoja ndiye aliyezungumza.

"Supu hii umeionja, Mama Dong-ha, au umeipitisha tu karibu na chumvi?"

"Nitaongeza, Mama."

"Usiongeze. Nimeshazoea."

Bun-rye alikuwa mwanamke wa sabini na kitu, mgongo umepinda kwa kupanda vitunguu saumu, anayetembea akisukuma kigari cha kushikilia kama wazee wenzake. Sauti yake ilikuwa nzuri bado. Shambani aliimba, bafuni aliimba, na akimkasirikia mkwe wake aliimba kwa sauti ya juu zaidi ili asilazimike kumjibu.

Mwaka ule tarafa iliandaa mashindano ya uimbaji ya wazee katika ukumbi mpya. Mshindi angeiwakilisha Unsong wilayani. Zawadi ya kwanza ilikuwa godoro la umeme, lile jembamba la kutandika sakafuni majira ya baridi. Ya pili, boksi la mwani uliokaushwa. Waliojiandikisha walikuwa kumi na mmoja. Majaji walikuwa watatu: mwalimu wa muziki kutoka mji jirani, mwenyekiti wa ushirika wa mwani, na Ma Jong-gil, kinyozi. Kila jaji alitoa alama kwa mia, na Myeong-im alikaa pembeni ya jukwaa na kompyuta, akiziingiza.

Bun-rye aliimba wa nne. Alivaa hanbok, vazi la jadi, la rangi ya samli, akaimba kwa utulivu, ingawa ubeti wa pili ulimtoka na akaurudia wa kwanza kana kwamba ndivyo wimbo ulivyo. Wa sita alikuwa Mzee Seon Pan-dol, mkulima mrefu mwenye shingo kama ya korongo. Alipomaliza, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Jaji mmoja tu hakupiga. Ma Jong-gil alikuwa amekunja mikono, anatazama dari.

Mwimbaji wa mwisho aliposhuka, Myeong-im alijumlisha kila mstari. Jina la mama mkwe wake lilikuwa juu, mia mbili sitini na tano. Seon alimfuata kwa mia mbili sitini na moja. Wakati huo kinyozi akamjia, akainama.

"Bi Tak, ile alama yangu ya Pan-dol inaweza kubadilishwa?"

"Kama hatujatangaza, inawezekana."

"Nilimpa themanini na mbili. Nimemwonea. Tumesoma darasa moja, tumekwenda jeshini pamoja, sasa nikaogopa watu watasema Jong-gil anambeba rafiki yake. Mpe tisini na moja. Ndiyo haki yake."

Alitia sahihi kwenye karatasi yake ya alama. Myeong-im akaifuta themanini na mbili, akaandika tisini na moja. Jukwaani Bwana Yang, mkuu wa tarafa, alikuwa ameshamaliza mzaha wake wa mwisho na amenyoosha mkono kuomba karatasi. Myeong-im akachapa, akampa. Bwana Yang alifanya anachofanya kila mtu aliyepewa jedwali: macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye safu ya mwisho.

"Mshindi wa kwanza, Bi Eo Bun-rye!"

Bun-rye alipanda jukwaani bila kigari chake. Akainama mara tatu kwa watu, jambo ambalo Myeong-im hakuwahi kumwona akilifanya hata siku ya harusi.

Jioni ile walikula pamoja, na hakuna kilichopungukiwa chumvi. Bun-rye alimpigia simu dada yake aliyeko Busan, akamweleza wimbo wote, kisha akamwimbia. Godoro lilitandikwa chumbani kwake na kuwashwa ingawa baridi ilikuwa haijafika.

Kesho yake kazini, Myeong-im alikuwa akiandaa taarifa ya kupeleka wilayani. Wilaya ilitaka pia wastani, kwa hiyo aliongeza safu, akaiambia programu izijumlishe namba upya. Mstari wa Seon ukabadilika mbele ya macho yake. Mia mbili na sabini. Alifikiri amebonyeza vibaya. Akazijumlisha kwa kalamu pembeni ya gazeti: tisini, themanini na tisa, tisini na moja. Zilitoka vile vile.

Alikaa akiitazama. Alichohisi, kama alivyokuja kumwambia mumewe, hakikuwa hofu kwanza. Ilikuwa aibu ya kitaalamu, ya fundi aliyesahau kubana nati. Hofu ilikuja baadaye, alipokumbuka mshindi anaishi nyumbani kwa nani.

Bwana Yang alisikiliza huku akikoroga kahawa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, mkuu."

"Basi liache. Haya ni mashindano ya wazee, Bi Tak, si uchaguzi wa wabunge. Ukisema leo, watu watasemaje? Mkwe alimpitisha mama mkwe wake, halafu moyo ukamsuta. Hakuna atakayeamini habari za kompyuta. Hata mimi ninayekujua, nimeamini kwa shida."

"Lakini wilayani atakwenda mtu asiye yeye."

"Wilayani hatushindi kamwe. Nani aende, ni yale yale."

Myeong-im alirudi mezani. Angeweza kuliacha, na kwa nusu siku aliliacha. Kilichombadilisha ni maneno aliyoyasikia dukani alipokwenda kununua betri. Mwenye duka alikuwa akicheka na mteja.

"Umesikia? Mzee Seon kapanda basi mpaka mjini kwenda kunyolewa."

"Si ana Jong-gil hapa hapa?"

"Ndiyo hivyo! Anasema hawezi kumpa shingo yake mtu aliyekunja mikono wakati wengine wanapiga makofi. Anasema kama si Jong-gil kumkatia alama, angeshinda. Miaka hamsini ya urafiki, imekwisha kwa wimbo mmoja."

Myeong-im alilipia betri, na badala ya kurudi ofisini akashika njia ya mashambani.

Mzee Seon alikuwa amechuchumaa kwenye tuta, anachomeka punje za vitunguu saumu udongoni moja moja. Nywele zake zilikuwa zimekatwa vibaya upande wa kushoto. Hakusimama.

"Bi karani. Kama umekuja kwa habari ya mbolea, nimeshasema nataka ile ya kuku."

"Nimekuja kwa habari ya mashindano, Mzee. Niliyekosea ni mimi." Akachuchumaa tuta la pili ili asimsemeshe kutoka juu, akamweleza: jinsi Jong-gil alivyokuja kubadilisha alama, jinsi yeye alivyoibadilisha, jinsi jumla ilivyobaki ya zamani. "Wewe ndiye wa kwanza. Kwa alama tano."

Mzee alichomeka punje mbili tatu zaidi.

"Jong-gil alisema nini hasa?"

"Kwamba mwanzo alikupunguzia kwa kuogopa maneno ya watu. Kisha akaona amekuonea."

"Akanipa ngapi?"

"Tisini na moja."

"Tisini na moja." Seon alijifuta mikono kwenye suruali. "Mpumbavu yule. Tisini na tano ndiyo ilikuwa haki." Lakini aligeuka upande wa pili, na kwa muda hakuonekana akifanya chochote na vile vitunguu.

Ilibaki nyumbani. Myeong-im alisubiri mpaka mama mkwe wake alipomaliza wali na kujimiminia bakulini maji ya moto yaliyochemshiwa ukoko wa wali. Akasema yote kwa sauti moja, kama anayesoma taarifa. Bun-rye alikunywa maji yake hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi ni wa pili."

"Wa pili, Mama."

"Kati ya kumi na mmoja."

"Ndiyo."

"Na aliyejumlisha ni wewe."

"Ni mimi."

"Miaka yote hii," Bun-rye alisema, "mwanangu akiniuliza mkewe ana zuri gani, namjibu, angalau hesabu anajua. Sasa nitamjibu nini?"

Akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Hakuimba. Myeong-im aliosha vyombo, akaufuta na ukuta wa nyuma ya jiko, ambao haukuwa mchafu.

Asubuhi, alipoamka, kigari cha mama mkwe wake hakikuwepo mlangoni. Bun-rye alikuwa amelikunja godoro la umeme, akalifunga kwa kamba juu ya kigari, akaanza safari ya kwenda ofisini. Njia inapita sokoni, na ilikuwa siku ya gulio. Watu walimsimamisha kila hatua, wakimuuliza anapeleka wapi zawadi yake, imeharibika?

"Haijaharibika, inapasha joto sana," aliwajibu. "Mkwe wangu kanivua ushindi. Anasema mimi ni wa pili. Mnamjua yule, hata kwa mama yake mzazi angesema, wewe ni wa pili."

Alilisema hilo kwa wauza samaki, kwa mwenye tofu, kwa wanawake wanaosubiri basi. Alipofika ofisini, habari ilikuwa imefika kabla yake, na ilikuwa imefika kwa mdomo wake mwenyewe. Baadhi ya watu walisema walijua tangu mwanzo. Ubeti wa pili ulikuwa wapi? Wengine walimsikitikia mzee wa watu kwa kupata mkwe mkavu hivyo. Kwamba Myeong-im alimpendelea, hakuna aliyepata nafasi ya kulisema.

Godoro lilikabidhiwa kwa Seon bila sherehe, kwenye kaunta ya mihuri. Siku iliyofuata alikuja kwa Bun-rye na boksi la mwani, jepesi kuliko lilivyopaswa kuwa.

"Nimekula nusu, dada," alisema. "Nilikuwa na hasira."

"Nami nimelilalia godoro lako. Ingia unywe chai."

Bwana Yang hakufurahi. Alilazimika kuandika barua ya kusahihisha matokeo, na barua ya kusahihisha hupita mikononi mwa watu wengi wilayani kuliko barua ya kwanza. Myeong-im alipewa onyo la maandishi. Alilichapa mwenyewe, kwa kuwa kijana aliyepewa kazi hiyo alishindwa kuupanga ukingo wa jedwali. Majira yale ya baridi cheo alichokuwa akikitarajia kilikwenda kwa mtu mwingine, na akakingoja miaka miwili zaidi.

Wilayani Seon alikuwa wa tisa. Alirudi na kikombe cha plastiki cha washiriki na sauti iliyokauka kwa kikohozi. Jong-gil alikuwa amempeleka kwa gari lake, na njiani, kwa maelezo yao wenyewe, waligombana kuanzia kwenye daraja hadi ukumbini kuhusu tisini na moja na tisini na tano.

Mwaka uliofuata Bun-rye alijiandikisha tena. Alikuwa ameushika ubeti wa pili mpaka jirani walikuwa wanaujua. Alipata nafasi ya sita, akasema majaji wote ni viziwi. Jumla zilijumlishwa na kijana wa ofisi kwa programu ile ya mahesabu. Myeong-im aliomba kukaa na watazamaji, akala keki za mchele, na mama mkwe wake aliposhuka jukwaani alimsogezea kigari.

"Ubeti wa pili uliusikia?" Bun-rye alimuuliza.

"Niliusikia, Mama."

"Ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri. Wa tatu ndio uliupandisha mno."

Bun-rye aliuweka mkoba wake kwenye kigari. "Twende nyumbani," alisema. "Leo nitapika mimi."