Juu ya Karatasi

Nilisikia pampu ikilia kwii, kwii, kabla sijachungulia dirishani mwa ofisi ya kijiji, huku Iramba. Wanawake walikuwa wakichota bondeni, kwenye kisima chenye zebaki ya machimbo. Mimi, mtaalamu wa maji ya ardhini, ndimi niliyeagiza kifungwe.

"Shikamoo, mama mwenyekiti. Si nilisema mfunge kisima cha juu?"

"Marahaba. Tumekifunga tangu wiki iliyopita. Kile cha mlimani."

Nikaitazama ramani yangu maridadi ukutani. Kwangu, juu ya ramani ni kaskazini, na kaskazini mwa kijiji hiki ni bondeni.

"Chenye sumu ni hiki cha bondeni, mama."

"Mjukuu wangu anakunywa hiki! Kumbe juu yako ni ya karatasi, msomi?"

Akatoka mbio kuelekea kisimani. Mlango ukajibamiza nyuma yake.